Kura Ni Sawa, Mlango Si Sawa

Mwaka 1958 mkata mkonge wa Kimamba, wilayani Kilosa, hakuwa na kura. Serikali ya kikoloni ilipanga kwamba Mtanganyika atakayepiga kura awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa unaotambuliwa. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000, fedha ambayo kibarua wa mkonge hakuifikia hata angekata majani mchana na usiku. Aliyevuka vigezo hivyo naye alilazimika kuchagua watu watatu kwa mpigo: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Chama cha TANU kilibishana sana mjini Tabora, Januari mwaka huo, kama kiingie kwenye uchaguzi wa namna hiyo. Kiliingia, kikashinda. Ilipofika 1962, kwenye uchaguzi wa kwanza wa rais, sharti la fedha lilikuwa limeondoka, na tangu hapo mkata mkonge na mwenye shamba la mkonge wana kura moja moja.

Ninalouliza ni hili: sharti lile lilikufa, au lilihama tu? Naamini lilihama. Lilitoka kwa mpiga kura likaenda kwa mgombea, na njiani likaacha kivuli chake kwenye mikutano ya vijiji, mahali ambapo uwakilishi unaanzia.

Si kila mtu anakubaliana nami, na wasiokubali wana hoja nzito. Kwa hiyo nimeamua kuwakutanisha. Mahali ni Mabwerebwere, kata ya Wilaya ya Kilosa, wilaya yenye majimbo mawili ya ubunge, Kilosa na Mikumi. Wazungumzaji nimewatunga mimi, wala sikuwapa majina: mzee aliyewahi kuwa diwani, mwalimu wa Uraia, mama mkulima wa mpunga ambaye pia ni mhazini wa kikoba, mfugaji, na kijana wa bodaboda ambaye msimu wa kilimo hugeuka kibarua. Mkutano mkuu wa kijiji umeahirishwa kwa kukosa akidi. Waliofika wamebaki chini ya mti.

MZEE: Mara hii tena tunarudi nyumbani bila mkutano. Sheria inasema kila miezi mitatu tukutane, na kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe, hachaguliwi wala haalikwi. Mwenyekiti kaita, mtendaji kabandika tangazo, mgambo kapita nyumba kwa nyumba. Waliokuja ni sisi wale wale. Halafu kesho tutasikia kwamba wanyonge hawasikilizwi.

MAMA: Mzee wangu, kwa heshima yako, wanyonge wako mashambani kwa watu. Saa nne asubuhi aliyechukua palizi yuko katikati ya ngwe yake. Akiiacha, hela ya siku imekwenda, na watoto hawatakula jioni. Mbona mkutano hauitwi saa kumi?

MZEE: Saa kumi mtendaji anataka kufunga ofisi. Akiwa na wageni kutoka wilayani, nao wanataka kurudi Kilosa mapema kabla njia haijaharibika na mvua.

MAMA: Ndiyo hiyo sasa. Saa ya mkutano imepangwa na mwenye mshahara, ikamfaa mwenye mshahara. Mimi nimekuja kwa sababu shamba langu mwenyewe ninaweza kuliacha nusu siku. Jirani yangu hana shamba, anakodi, na kodi analipa kwa kulima la mwenye nalo kwanza. Yeye atakuja lini?

MWALIMU: Na kinachoamuliwa hapa si kidogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Darasani nawafundisha wanafunzi kwamba hii ndiyo demokrasia iliyo karibu kabisa na mtu: hakuna mbunge katikati, hakuna diwani katikati, wewe mwenyewe unanyoosha mkono. Lakini mkono wa aliye kwenye ngwe haunyooki hapa. Ardhi inagawiwa na wenye ardhi.

KIJANA: Mwalimu, mimi nikifika hapa natafuta pa kukaa nyuma. Nikisema, mtu ananiuliza, wewe una eka ngapi? Sina. Basi maneno yangu nayo hayana uzito.

MZEE: Nani alikuuliza hivyo?

KIJANA: Babu, swali lenyewe si lazima liulizwe kwa mdomo.

Hapa niingie kidogo. Kilosa imejengwa juu ya ardhi isiyo sawa tangu zamani. Reli ya kati ilipokatiza hapa wakati wa Wajerumani ilifuatwa na mashamba makubwa, hasa ya mkonge, na vijiji vikabanwa kati ya hati za wenye mashamba, mabonde ya mito na nyanda za malisho. Mengine ya mashamba hayo yalitelekezwa yakawa mapori huku majirani zake wakikodi eka moja moja, na serikali imekuwa ikifuta hati za baadhi yake kwa awamu ili yagawiwe wananchi. Kufuta hati ni kazi ya rais. Lakini nani atapata kipande cha shamba lililofutwa huamuliwa huku chini, kwenye kamati na mikutano kama huu uliokosa akidi. Ndiyo maana suala la saa ya mkutano, ambalo msomaji wa mjini anaweza kuliona dogo, mimi naliona ni suala la katiba.

MFUGAJI: Mnazungumza asiye na kitu. Mimi mnaniita tajiri, kwa kuwa nina ng'ombe. Ng'ombe ninao, ni kweli. Lakini tangu nikiwa mtoto sijaona mfugaji akiwa mwenyekiti wa kijiji hiki. Tuko wachache. Kura zikihesabiwa, tumeshindwa kabla ya kupiga.

MAMA: Mnashindwa kwa sababu mifugo yenu inaingia kwenye mpunga wetu, baba. Tusizunguke. Rudewa Mbuyuni, wilayani humu, tarehe 8 Desemba 2000 wakulima na wafugaji walipopigana, walikufa watu 38. Wakulima. Walikuwa ndugu zetu.

MFUGAJI: Najua, mama. Sina neno la kulipunguza hilo, wala sitalitafuta. Ninachosema ni kingine. Mtu asiye na kiti kwenye kikao anafanyaje malisho yake yakilimwa? Atamtafuta mkubwa. Atampelekea ndama, au atauza dume apeleke fedha. Mkubwa atampa ruhusa ya mdomo. Mkulima naye amepewa ruhusa ya mdomo palepale na mkubwa mwingine. Siku wakikutana shambani, kila mmoja ana haki yake mkononi, na hakuna karatasi.

MAMA: Kwa hiyo fedha yako ndiyo inatuumiza.

MFUGAJI: Inakuumiza wewe, na mimi inanimaliza. Ningekuwa na watu wawili kwenye halmashauri ya kijiji, ng'ombe zangu zingebaki zizini.

Sikutegemea hoja nzito kuliko zote itoke huku, lakini ndivyo ilivyo. Tumezoea kusema tajiri hununua uwakilishi ili apate zaidi ya haki yake. Mfugaji anatuonyesha upande wa pili: kundi lisilo na mwakilishi hulazimika kununua hata haki yake. Na mahali ambapo haki inanunuliwa, bei itapandishwa na mwenye kuiuza. Halmashauri ya kijiji kisheria ina wajumbe kati ya 15 na 25, na wanawake wasipungue robo. Sheria ilijua kwamba wanawake wakiachwa kwenye hesabu ya wingi wataachwa nje, ikawawekea sehemu yao. Kwa kijiji chenye wakulima wengi na wafugaji wachache, au wafugaji wengi na wakulima wachache, haikuweka chochote. Katika wilaya iliyopoteza watu 38 kwa siku moja, pengo hilo lilipaswa kuzibwa zamani.

MZEE: Sasa na mimi nisikilizwe. Mmesema mengi juu ya fedha kana kwamba ni uchawi. Nimekuwa diwani. Alfajiri mlango unagongwa: mzee, mtoto kafukuzwa shule kwa mchango. Mzee, mgonjwa wetu anahitaji gari. Mzee, tumefiwa, sanda hatuna. Posho yangu ya mwezi ilikuwa inakwisha kabla mwezi haujaanza. Niliuza mpunga wangu wa akiba. Wanaogonga ni hao hao mnaowaita wanyonge, na usipotoa, uchaguzi ujao wanakwambia ulitusahau. Mkono mtupu haulambwi. Kwa hali hiyo mnataka maskini agombee? Atatoa nini? Ama ataiba, ama atakimbia nyumba yake. Afadhali mwenye chake.

MAMA: Mzee wangu, hilo la kugonga mlango ni kweli, hata mimi nilikuja kwako siku ile ya mgonjwa. Nilikuja kwa sababu gari la wagonjwa halikuwapo. Lingekuwapo, ningekuja kwako nikuulize habari ya barabara. Wewe ulikuwa unalipa madeni ya serikali kwa mpunga wako.

MZEE: Hilo umelisema vizuri.

MAMA: Na tukishakopa kwako, hatukuulizi tena. Nitamuulizaje mtu mapato na matumizi ya kata wakati sanda ya mama yangu aliinunua yeye?

MWALIMU: Hapo ndipo takrima ilipozaliwa. Mwaka 2000 Bunge liliingiza kwenye sheria ya uchaguzi kwamba ukarimu wa asili, ukifanywa kwa nia njema, si rushwa. Pilau, soda, kanga, vyote vikahalalishwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake wakaenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikakifuta kifungu hicho. Mahakama iliona kinavunja usawa mbele ya sheria na haki ya raia kushiriki uongozi, kwa sababu mgombea maskini hana cha kukirimu. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, kila mgombea akawekewa kikomo cha kutumia na akatakiwa kupeleka hesabu zake.

KIJANA: Na kanga zikaacha kugawiwa?

MWALIMU: Sheria ipo, kijana.

KIJANA: Mimi na pikipiki yangu naijua kampeni kuliko sheria. Msafara ukija, bodaboda tunajaziwa mafuta tuutangulie. Mwenye kujaza pikipiki nyingi ndiye anayeonekana ana watu. Watu wanaoonekana ni lita za petroli. Sikatai mafuta, mwalimu, sitakudanganya. Siku hiyo ndiyo siku pekee katika miaka mitano ambayo siasa inanilipa.

MWALIMU: Na hayo ni mambo ya mwisho. Mlango wenyewe uko nyuma zaidi. Mwaka 2025 fomu ya kuomba ubunge ndani ya CCM ilikuwa shilingi 500,000, na ya udiwani 50,000. Ukishalipa, kuna majina kuchujwa na vikao, kisha kura za maoni. Mnakumbuka mwaka 2020 nchi nzima ilivyokuwa inasema wajumbe si watu wazuri? Walioyasema kwa uchungu ni wale waliokula hasara.

MAMA: Mimi mwaka huo huo wa 2025 wanawake wenzangu waliniambia, chukua fomu ya udiwani. Elfu hamsini! Nikapiga hesabu, nikaona ni mbolea. Nikaitia shambani.

MZEE: Kuna viti maalum.

MAMA: Vipo, mzee, na sivibezi, bila vyenyewe Bunge lingekuwa karibu la wanaume watupu. Katiba inasema wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge wote. Bunge la 2020 lilikuwa na viti hivyo 113. Lakini anayekwenda kwa viti maalum hapigiwi kura na kata hii wala jimbo hili. Anapitia jumuiya ya chama. Atakaporudi kueleza alichofanya, atawaeleza waliompitisha. Mimi mkulima wa mpunga sina wa kumuuliza, na yeye hana wa kumtuma.

KIJANA: Mbona Mikumi waliweza? Mwaka 2015 walimpeleka bungeni Profesa Jay, Joseph Haule. Msanii. Kwa CHADEMA, chama ambacho hakikuwa na serikali.

MZEE: Umeona? Kijana wenu amejibu mwenyewe. Watu wakiamua, fedha haina kazi.

MWALIMU: Uchaguzi ule naupenda, mzee, kwa sababu uliwaonyesha watu kwamba kura inafanya kazi. Lakini angalia kilichoufungua mlango. Alikuwa ameshaimba miaka mingi, na mmoja wa nyimbo zake uliopendwa sana, Ndio Mzee, ulikuwa unamhusu mwanasiasa anayeahidi kila kitu. Jina lake lilifika kila kijiji kabla yake. Jina nalo ni mtaji, tena mkubwa. Mwenye jina anaweza kupita bila fedha nyingi, mwenye fedha anaweza kununua jina. Nitajieni aliyepita bila vyote viwili.

MZEE: Wakati wetu walipita.

MWALIMU: Lini?

MZEE: Elfu moja mia tisa sitini na tano.

Nyamazeni, nimsaidie mzee kueleza, kwa maana jambo hili vijana hawalijui na wazee wanalisahau. Septemba 1965 Tanzania ilifanya uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja. Katika karibu kila jimbo TANU ilisimamisha wagombea wawili, wote wake. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Walisafiri pamoja, wakapanda jukwaa moja, wakasikilizwa na umati mmoja. Kampeni iliandaliwa na chama. Mgombea hakuruhusiwa kutumia fedha yake wala kutaja kabila, rangi au dini. Na wapiga kura wakawaangusha wakubwa. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa. Waziri wa Fedha wa nchi, mtu ambaye jina lake lilikuwa kwenye magazeti kila wiki, aliwekwa jukwaa moja na mpinzani wake, kwa gharama ile ile, na wananchi wakamkataa.

MZEE: Na baada ya hapo, Azimio la Arusha, Februari 1967. Kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asipangishe nyumba, asichukue mishahara miwili. Tulikuwa maskini wote, lakini ukimwona mbunge unajua shida yako ni yake.

KIJANA: Babu, lakini mwaka huo 1965 kama ulikuwa huipendi TANU, ungemchagua nani?

MZEE: (kimya)

KIJANA: Jembe la TANU au nyumba ya TANU.

MWALIMU: Amekupata, mzee. Lakini na wewe umenipa kitu. Tazameni miaka ilivyofuatana. Februari 1991 CCM, kwa lile linaloitwa Azimio la Zanzibar, ililegeza miiko ya uongozi. Kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa na kupangisha. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Tuliwaruhusu viongozi kutajirika, halafu mwaka uliofuata tukawaambia washindane. Zamani tulikuwa na usawa wa wagombea bila uhuru wa kuchagua. Tulipopata uhuru wa kuchagua, usawa tulishauacha mlangoni.

MFUGAJI: Na uhuru wenyewe siku hizi uko wapi? Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, CCM ilichukua asilimia 99 ya wenyeviti wa vijiji. Oktoba 2025 CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi ya kura.

MWALIMU: Mwaka 2020 wabunge zaidi ya ishirini walipita bila kupingwa. Sheria mpya ya 2024 inataka hata mgombea akiwa mmoja apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Ni hatua, lakini ndiyo na hapana si wagombea wawili.

MZEE: Basi na watu wagombee wenyewe, bila chama.

Mzee amesema kwa sentensi moja jambo ambalo nchi imelibishania tangu 1993, Mchungaji Christopher Mtikila alipolipeleka mahakamani. Oktoba 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alikubali kwamba raia anaweza kugombea bila kupitia chama. Bunge likabadilisha Katiba haraka kuzuia hilo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikamkubalia tena. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge, si la mahakama. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ikatamka kwamba Tanzania inavunja haki za raia wake kwa kuwalazimisha kupitia vyama. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Jaji Warioba, mwaka huo huo, ilimruhusu mgombea binafsi, ikaweka ukomo wa vipindi vitatu kwa mbunge, na kuwapa wapiga kura uwezo wa kumwondoa mbunge kabla ya muda. Mmoja wa wajumbe wa tume hiyo alikuwa Profesa Palamagamba Kabudi, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge wa Kilosa. Kura ya maoni juu ya katiba mpya ilipangwa Aprili 2015, ikaahirishwa. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba mwaka huo. Chaguzi za 2015, 2020 na 2025 zote zimepita bila mgombea binafsi hata mmoja.

MAMA: Mgombea binafsi nani atamlipia mafuta ya gari? Si atakuwa tajiri zaidi ya hao? Maskini angalau chama kinambeba.

Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote. Kenya inaruhusu wagombea binafsi kwa Katiba yake ya 2010, na siasa yake haijawa ya maskini kwa sababu hiyo. Kampeni za huko ni ghali mno, na sheria ya 2013 ya kudhibiti fedha za kampeni haijawahi kuwabana wagombea. Kufungua mlango bila kushusha kizingiti ni kumfungulia mwenye miguu mirefu. Mambo mawili lazima yaende pamoja: raia agombee bila chama, na jukwaa liwe la umma kama lilivyokuwa 1965, wagombea wote juu yake, gharama moja, bila misafara. Fedha si kisingizio. Serikali tayari hutoa ruzuku kwa vyama kutoka hazina, kwa kuangalia viti na kura vilizopata, maana yake aliyepata nyingi jana ndiye anayejazwa kwa ajili ya kesho. Sehemu ya fedha hiyo ikilipia majukwaa ya pamoja katika kata, Mama aliyeitia fomu yake shambani kama mbolea atakuwa na mahali pa kusimama.

MWALIMU: Kuna hesabu nyingine inanikera. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 438,175 katika Wilaya ya Kilosa. Wabunge wawili. Kila mbunge watu zaidi ya 219,000. Zanzibar mwaka huo ilikuwa na watu 1,303,569 na majimbo 50, yaani kila mbunge watu kama 26,000.

MZEE: Zanzibar ni nchi iliyoungana nasi, mwalimu. Ukiwahesabu kwa vichwa watamezwa. Muungano una gharama yake.

MWALIMU: Nakubali, mzee, wala sisemi wapunguziwe. Nasema mbunge mwenye watu laki mbili na zaidi, vijiji vingine njia zake hukatika masika, atamfikia nani? Atafika kwa mwenye gari, mwenye simu yake, mwenye nyumba ya kumlaza. Jimbo likiwa kubwa mno, maskini ndiye anayekuwa mbali.

KIJANA: Tena SGR imefika Kilosa. Mbunge anapanda treni Dodoma, anashuka Kilosa mjini mchana ule ule. Kutoka mjini kuja huku wakati wa mvua ndiyo safari ndefu.

MFUGAJI: Na akifika, mfuko wa jimbo anaukalia yeye.

MWALIMU: Kweli. Sheria ya 2009 ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo inamfanya mbunge mwenyekiti wa kamati yake. Bati la shule linatoka hazina, lakini linafika likiwa na jina la mtu. Kodi yako inarudi kwako kama zawadi, na zawadi inadai shukrani.

KIJANA: Hata ile mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. Tulijaribu. Wanataka katiba ya kikundi, andiko, akaunti ya benki. Aliyejua kuandika ndiye aliyepata. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu vikundi hewa vilikuwa vingi, ikarudi 2024. Sisi ambao si hewa bado tunatafuta wa kutuandikia.

MAMA: Mwanangu, leta karatasi zako kwangu Jumapili.

Mjadala wao uliendelea, lakini hukumu yangu naitoa hapa. Mzee ana haki anaposema wapiga kura wenyewe hudai fedha, ila Mama amemjibu: wanaidai kwa sababu huduma iliyo haki yao haipo. Kijana ana haki anaposema kura peke yake haitoshi kama hakuna wa kumchagua. Mfugaji ana haki zaidi ya wote. Ninachokataa ni ile faraja kwamba tajiri ameshiba na hivyo hataiba. Kilosa haihitaji mwakilishi aliyeshiba. Inahitaji mwakilishi ambaye mkutano wa kijiji unaweza kumuuliza swali na kesho yake asimnyime aliyeuliza msaada wa sanda.

Mabadiliko ya Katiba yatachukua muda, na lazima yadaiwe kila siku mpaka hukumu ya 2013 ya Mahakama ya Afrika itekelezwe. Lakini kuna jambo lisilohitaji Bunge. Wenyeviti wa vijiji vya Kilosa na Mikumi, iteni mikutano yenu saa kumi jioni, au siku ambayo hakuna kibarua. Mwenye shamba, mruhusu kibarua wako aende mkutanoni na ngwe yake umlipe. Watendaji, someni mapato na matumizi kwa sauti, mstari kwa mstari, na msifunge kikao mpaka aliyekaa nyuma kabisa, asiye na eka hata moja, ameulizwa maoni yake na jibu lake limeandikwa kwenye muhtasari.